Jina Moja Mezani: Vyuo Vikuu vya Umma vya Marekani Vinavyosaka Rais

Tarehe 3 Juni 2025, Bodi ya Magavana inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo la Florida ilimkataa Santa Ono kwa kura 10 dhidi ya 6. Wiki moja tu kabla ya hapo, Bodi ya Wadhamini ya University of Florida ilikuwa imempitisha kwa kauli moja awe rais wa chuo. Ono hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ameongoza University of Cincinnati, akaenda Kanada kuongoza University of British Columbia, kisha akashika University of Michigan, chuo cha umma chenye heshima kubwa kuliko karibu vyote vya Marekani. Michigan alikuwa ameshaaga. Baada ya kura ile akawa amekosa huku na kule.

Sababu zilizotajwa zilikuwa za kisiasa. Wanasiasa wa mrengo wa kihafidhina walimlaumu kwa kuunga mkono programu za usawa na ujumuishi alipokuwa Michigan, na kwa jinsi chuo hicho kilivyoshughulikia kambi za wanafunzi waliokuwa wakiitetea Palestina. Hayo yameandikwa sana. Mimi linalonishughulisha ni lile lililotangulia kura: Ono aliletwa mbele ya umma peke yake. Hapakuwa na jina la pili wala la tatu. Alipokataliwa, chuo chenye wanafunzi wapatao 60,000, ambacho hakikuwa na rais wa kudumu tangu Julai 2024, kilirudi mwanzo kabisa. Njia ya kuleta jina moja inazidi kushika mizizi Marekani, na kwa maoni yangu ni njia mbaya. Kabla sijasema kwa nini, ni lazima nieleze mchakato wenyewe unavyokwenda.

Msomaji wa Afrika Mashariki asichanganye vyeo. Kwetu, Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima anayetunuku shahada siku ya mahafali, na mtendaji ni Makamu Mkuu wa Chuo. Marekani mtendaji huyo ndiye huitwa rais. Ndiye anayewajibika kwa bajeti inayopita ile ya baadhi ya wizara zetu, hospitali ya rufaa, timu za michezo zinazoingiza mamilioni, mabweni, maabara, polisi wa chuo, na uhusiano na bunge la jimbo linalotoa sehemu ya fedha. Ndiye pia anayekwenda kwa matajiri kuomba michango. Mtu wa kazi hiyo hapatikani kirahisi, na akipatikana hakai. Uchunguzi unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa na baraza la vyuo vikuu vya Marekani, American Council on Education, ulionyesha kuwa mwaka 2006 rais wa chuo alikuwa amekaa madarakani kwa wastani wa miaka 8.5. Mwaka 2016 wastani ulikuwa miaka 6.5, na mwaka 2022 ulikuwa umeshuka hadi 5.9. Maana yake kazi ya kusaka rais, ambayo zamani mjumbe wa bodi angeifanya mara moja katika kipindi chake, sasa inarudi kabla vumbi la ile ya kwanza halijatulia.

Mwenye kuteua ni bodi, na bodi zenyewe hazifanani. Michigan, wajumbe wanane wa bodi ya chuo kikuu huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima. Minnesota wapo kumi na wawili, na huchaguliwa na bunge la jimbo. Iowa wapo tisa, wanateuliwa na gavana na kuthibitishwa na seneti ya jimbo, nao husimamia vyuo vikuu vitatu kwa pamoja. Florida kuna ngazi mbili: kila chuo kina wadhamini wake, na juu yao wapo magavana wa mfumo mzima, kumi na saba kwa idadi, ambao kumi na wanne kati yao huwekwa na gavana wa jimbo. Ukitaka kujua rais wa chuo atapatikana kwa upepo gani, anza kwa kuuliza wajumbe wa bodi waliingiaje. Kampuni itakayoajiriwa, ukubwa wa kamati, hata tarehe za usaili, vyote hufuata baada ya hapo.

Mchakato wa kawaida huchukua kati ya miezi sita na mwaka. Rais aliyepo hutangaza kuondoka, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ili mrithi aanze Julai. Bodi huweka kaimu, huunda kamati ya usakaji, na kutangaza zabuni ya kampuni ya kusaka viongozi. Kamati huwa na watu kumi na tano hadi ishirini na kidogo: wajumbe wa bodi, wahadhiri, mfanyakazi au wawili, wanafunzi, wahitimu wa zamani, na mara nyingi mfadhili mkubwa. Hufanya vikao vya kusikiliza maoni, kisha huandika hati ya sifa. Hati hizi hufanana mno. Karibu kila moja inataka mtu mwenye maono, mwadilifu, hodari wa kuchangisha fedha, msikivu, na mwenye kuheshimu utafiti. Sifa hizo hazina ubaya, ila hazimsaidii mtu kuchagua, kwa sababu hakuna mwombaji atakayekuja akisema hana. Hati yenye faida ni ile inayotaja tatizo la chuo chenyewe kwa jina lake: kwamba idadi ya wanafunzi inapungua, kwamba hospitali inakula fedha, kwamba bunge la jimbo halikiamini chuo. Bodi nyingi huogopa kuandika hivyo zikidhani zinajichafua.

Tangazo huwekwa kwenye magazeti ya elimu ya juu, lakini watu wanaotakiwa hasa hawaji kwa tangazo. Wanapigiwa simu. Hapo ndipo kampuni inapopata riziki yake. Malipo ya kampuni hizi kwa desturi hukaribia theluthi ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa atakayepatikana, au huwa ni kiasi kilichokubaliwa tangu awali. Iowa, mwaka 2015, iliingia mkataba wa dola 200,000 bila kuhesabu gharama za safari na nyinginezo. Kampuni inajua nani amechoka wapi, nani ana mgogoro na bodi yake, mke au mume wa nani anataka kurudi karibu na wazazi. Ni mshenga, na kama washenga wote anajua siri za nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Wateja wake ni wengi. Leo anatafuta rais kwa chuo hiki, kesho atatafuta naibu kwa chuo kile, na wale aliowapeleka mahali pasifae atawapeleka pengine. Kwa hiyo ana masilahi ya kuwalinda watafutwa, si watafutaji tu. Anayeidai siri kwa sauti kubwa kuliko wote ni kampuni.

Kisha huja mchujo ambao umma hauuoni kabisa. Watu wanane hadi kumi na wawili huitwa kwenye hoteli, kwa kawaida karibu na uwanja wa ndege ili waingie na kutoka bila kuonekana. Kila mmoja hupewa kama saa moja na nusu. Wajumbe wa kamati wameshatia saini hati za kutunza siri. Kwa siku mbili wanawasikiliza watu ambao wengi wao hawajawahi kuwaona, wanakula pamoja, wanajadili, wanapunguza majina. Mimi naamini huu ndio wakati wenye uzito mkubwa kuliko mwingine wowote katika mchakato mzima, na ndio unaofanyika kwa haraka zaidi. Mtu mwenye ulimi mzuri hung'ara katika saa moja na nusu. Mtu aliyeendesha chuo kwa miaka kumi bila makelele huonekana wa kawaida. Kamati makini hulijua hilo, na hutumia muda mwingi kupekua historia ya mtu kuliko kumsaili: inapiga simu kwa waliowahi kufanya kazi chini yake, si kwa watu aliowataja mwenyewe tu.

Hadi hapo siri inakubalika. Sina ugomvi nayo, kwa kuwa hoja ya wanaoitetea ni ya kweli. Rais anayeongoza chuo fulani akijulikana kwamba ameomba kazi kwingine, siku ya pili mfadhili anaahirisha kutoa mchango, bunge linamwona mpita njia, na bodi yake inaanza kujiuliza. Akikosa kazi hiyo, anarudi nyumbani akiwa na jeraha. Wazuri wengi hawatakubali kutajwa wakiwa bado ni wengi katika kinyang'anyiro. Suala ni kwamba siri hiyo iishie wapi.

Minnesota walilipitia swali hili mahakamani. Mwaka 2002 bodi ya University of Minnesota iliwasaili wagombea kwa siri, vyombo vya habari vikashtaki, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba sheria za uwazi za jimbo zinaibana bodi ya chuo kama zinavyobana taasisi nyingine za umma. Jirani zao wa Michigan walikuwa wamefika pengine. Mwaka 1999 mahakama ya juu ya jimbo hilo, katika kesi iliyohusu Michigan State University, iliona kuwa bodi za vyuo vikuu zina mamlaka yao kwa mujibu wa katiba, na sheria ya mikutano ya wazi haiwezi kuzilazimisha katika usakaji wa rais. Majimbo mawili, katiba mbili, majibu mawili.

Florida ilikuwa kwa miongo kadhaa mfano wa uwazi. Sheria yake ya mikutano ya wazi ni ya mwaka 1967, na chini yake majina ya waombaji yalikuwa mali ya umma. Machi 2022 jimbo lilibadili mwelekeo: sheria mpya ilificha waombaji wote wa urais wa vyuo vya umma isipokuwa wale wa kundi la mwisho, ambao majina yao lazima yatolewe angalau siku 21 kabla ya uamuzi. Ukiisoma haraka utaona mizani nzuri, siri mwanzo na uwazi mwisho. Lakini sheria haikusema kundi la mwisho liwe na watu wangapi. Mtu mmoja naye akahesabiwa kuwa kundi.

Miezi saba baadaye, tarehe 6 Oktoba 2022, University of Florida ikatangaza jina moja: Ben Sasse, seneta wa Marekani kutoka Nebraska. Sasse ana shahada ya uzamivu ya historia kutoka Yale, na aliwahi kuongoza Midland University, chuo kidogo cha binafsi huko Nebraska. Kamati ilieleza kwamba marais kadhaa wa vyuo vikubwa walikuwa wamevutiwa na nafasi hiyo, ila hakuna aliyekubali kutajwa pamoja na mwingine. Siku nne baadaye Sasse alikuja chuoni kukutana na jumuiya, wanafunzi wakajaa jengoni wakipinga, hasa kwa sababu ya msimamo wake juu ya ndoa za jinsia moja, na kikao kikakatizwa. Tarehe 27 Oktoba seneti ya wahadhiri ilipiga kura ya kutokuwa na imani na mchakato, 67 dhidi ya 15. Tarehe 1 Novemba wadhamini wakampitisha kwa kauli moja. Siku nane baadaye magavana wakathibitisha. Februari 2023 akaanza kazi.

Siku 21 za sheria zilitimizwa na kuzidi. Watu walisema waliyotaka kusema. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu bodi haikuwa na mtu mwingine wa kumgeukia. Kumkataa Sasse kungekuwa kukiacha chuo bila rais. Maoni yakageuka malalamiko kabla hayajatamkwa.

Sasse alikaa miezi kumi na saba. Julai 2024 alitangaza kujiuzulu, akitaja afya ya mkewe. Mwezi uliofuata gazeti la wanafunzi, The Independent Florida Alligator, likaripoti kwamba ofisi yake ilitumia dola milioni 17.3 katika mwaka wake wa kwanza, wakati mtangulizi wake, Kent Fuchs, alitumia milioni 5.6 katika mwaka wake wa mwisho. Sasse alijitetea kwamba matumizi hayo yalikuwa ya mipango halali ya chuo. Sitaki kusema mchakato wa wazi ungezuia yote hayo. Lakini naona wazi kwamba rais aliyeingia bila wahadhiri kumkubali hakuwa na akiba ya imani ya kutumia alipobanwa. Fuchs akarudishwa kushikilia ofisi kwa muda, na kamati mpya ikaanza kusaka. Ikaleta tena jina moja, Santa Ono. Safari hii aliyekuja kupinga hakuwa mwanafunzi mwenye bango. Walikuwa wanasiasa wenye sauti kwenye bodi ya juu. Njia ile ile iliyowaziba masikio wadhamini dhidi ya wahadhiri iliwaacha bila mbadala mbele ya magavana.

Hapa wengi wa wenzangu wanaoandika juu ya uongozi wa vyuo husimama na kusema: basi tangazeni majina matatu au manne, mambo yatakuwa sawa. Iowa inakataa jibu hilo rahisi.

Mwaka 2015 Sally Mason alistaafu urais wa University of Iowa. Bodi iliunda kamati ya watu ishirini na mmoja, ikaajiri kampuni, na mwishoni ikatangaza wagombea wanne hadharani. Watatu walikuwa viongozi wa vyuo: rais wa Oberlin, na wakuu wa taaluma wa Tulane na Ohio State. Wa nne alikuwa Bruce Harreld, mfanyabiashara aliyepitia IBM, Kraft na kampuni ya mikahawa ya Boston Chicken, na hakuwahi kuongoza chuo. Kila mmoja alikuja kuongea na wahadhiri na wanafunzi ukumbini. Chama cha wahadhiri kikakusanya maoni: chini ya asilimia 3 ya waliojibu walimwona Harreld kuwa anafaa. Kikao chake kilikuwa tarehe 1 Septemba. Tarehe 3 Septemba bodi ikamteua, kwa kauli moja, kwa mkataba wa miaka mitano wenye mshahara wa dola 590,000 kwa mwaka, pamoja na malipo ya akiba yanayofikia dola milioni moja akimaliza.

Baadaye ilijulikana kwamba mwishoni mwa Julai, kabla umma haujasikia jina lolote, Harreld alikutanishwa faraghani na wajumbe wanne wa bodi katika ofisi ya biashara ya mwenyekiti wa bodi hiyo, mjini Ames. Wagombea wengine hawakupewa nafasi kama hiyo. Seneti ya wahadhiri ilitangaza kutokuwa na imani na bodi. Juni 2016 chama cha wahadhiri cha taifa, AAUP, kikaiwekea Iowa alama ya lawama kwa kukiuka kanuni za uendeshaji wa pamoja. Kanuni zenyewe ni za mwaka 1966, na zinasema uteuzi wa rais uwe kazi ya bodi na wahadhiri kwa ushirikiano.

Kwa haki, Harreld hakuwa janga. Alikaa zaidi ya miaka mitano na kukamilisha mkataba wa miaka hamsini wa umeme na mvuke wa chuo uliokiletea chuo dola bilioni 1.165 mwanzoni. Yawezekana bodi ilimwona sahihi. Lakini miaka ya mwanzo ya rais ndiyo yenye thamani, na yeye aliitumia kuwathibitishia watu kwamba hakuingia kwa mlango wa nyuma. Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya hesabu.

Ndiyo maana kipimo changu si idadi ya majina wala urefu wa muda peke yake. Nauliza: wakati watu wanaposema maoni yao, je, uamuzi bado unaweza kubadilika? Florida haukuweza, kwa sababu jina lilikuwa moja. Iowa haukuweza, kwa sababu siku mbili hazitoshi kuyasoma maoni kwa makini, na kwa sababu mazungumzo yenye uzito yalikuwa yameshafanyika Ames. Palipo na uwezekano wa kweli wa kubadilika, hata wanaoshindwa hukubali kushindwa. Pasipo, hata uteuzi mzuri huonekana mchezo.

Minnesota inaonyesha kwamba inawezekana, ingawa si kila mara. Mwaka 2018 kamati yao ilipendekeza watu watatu, wawili wakasema hawatatajwa isipokuwa wakiwa peke yao, na bodi ikabaki na Joan Gabel tu mbele ya umma. Alikaa hadi 2023, akahamia University of Pittsburgh. Safari iliyofuata, mwanzoni mwa 2024, watatu walikubali kutajwa: Laura Bloomberg, rais wa Cleveland State, James Holloway, mkuu wa taaluma wa University of New Mexico, na Rebecca Cunningham, aliyesimamia utafiti Michigan. Walizunguka kampasi, wakajibu maswali hadharani, na bodi ikawasaili mbele ya watu. Februari ikamchagua Cunningham. Zingatia kwamba Bloomberg alikuwa rais aliyeko kazini. Alitajwa, akakosa, akaendelea na kazi yake Cleveland. Wale wanaosema hakuna rais aliyeko kazini atakayekubali waeleze hilo. Kampuni ikisema kwa hakika kwamba wazuri watakimbia, bodi iulize ni wangapi waliulizwa kwa dhati, na waliulizwa vipi. Mtu akiambiwa tangu simu ya kwanza kwamba sheria inataka majina matatu, ataamua mapema kama anabaki au anatoka. Akiahidiwa siri hadi mwisho, atashikilia ahadi.

Sisi wa huku tuna mambo yetu katika hili, na hayafanani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Mantiki ilieleweka: chuo kilikuwa chombo cha kujenga taifa la Azimio la Arusha, na chama kilitaka mtu wake. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi kulalamikia jinsi chuo kilivyokuwa kikiendeshwa bila ushirikishwaji. Alifukuzwa na kurudishwa kwao, wanafunzi wakagoma. Ukiyaangalia ya Dar es Salaam ya 1971 na ya University of Florida ya 2022, malalamiko ni yale yale: hatukuulizwa.

Kenya walifika kwenye ushindani kwa njia nyingine. Hadi Daniel arap Moi anaondoka Ikulu mwaka 2002, Rais wa nchi alikuwa Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma, na Makamu Wakuu walikuwa wateule wake. Mwaka 2005 George Magoha akashika Chuo Kikuu cha Nairobi baada ya nafasi kutangazwa na watu kusailiwa, jambo lililokuwa geni. Miaka kumi na tano baadaye, Januari 2020, Magoha huyo huyo, sasa Waziri wa Elimu, alibatilisha uteuzi wa Stephen Kiama, ambaye baraza la chuo lilikuwa limemtangaza baada ya usaili ulioendeshwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Akalivunja na baraza lenyewe. Suala likafika mahakamani, na Kiama akaishia kukalia kiti. Mimi naona jambo moja kubwa katika kisa hicho: kwa kuwa ilijulikana nani alisailiwa na nani aliongoza, ubatilishaji ulionekana na kila mtu kwa jinsi ulivyokuwa, na palikuwa na cha kupeleka mbele ya jaji. Uteuzi wa gizani ungebatilishwa gizani.

Bodi au baraza lolote linalotaka kufanya kazi hii vizuri linaweza kujifunga mapema kwa mambo machache yanayopimika. Liandike kwenye mkataba wa kampuni kwamba hatua ya mwisho itakuwa na watu watatu watakaotajwa, na kila mwombaji aambiwe hivyo kwenye simu ya kwanza. Likataze mjumbe yeyote kukutana na mwombaji pembeni, au kama ni lazima, wakutane na wote kwa masharti yale yale. Liache wiki mbili kamili kati ya mgombea wa mwisho kuzungumza na siku ya kura. Kamati ya usakaji isivunjwe hadi kura ipigwe, kwa sababu ndiyo inayowajua wagombea kuliko wote na ndiyo inayoweza kuieleza bodi kwa nini maoni fulani yana uzito na mengine ni hasira tu. Na mkataba wa rais uwekwe wazi siku ya kura: mshahara, nyumba, malipo ya akiba, haki ya kubaki profesa akiondoka, na atalipwa nini akifukuzwa. Mambo haya ya mwisho hujadiliwa haraka mno, usiku wa mwisho, wakati chuo kimeshampenda mtu na hakina nguvu ya kukataa sharti.

Iowa wenyewe walipata nafasi ya pili. Harreld alipotangaza kustaafu, bodi iliunda tena kamati ya watu ishirini na mmoja, safari hii wahadhiri wakiwa na sauti kubwa ndani yake. Ikaleta wagombea wanne, wote wakiwa wametoka kwenye uongozi wa vyuo, akiwemo mkuu wa kitivo kutoka Iowa yenyewe. Kila mmoja alipewa siku zake kampasini. Tarehe 30 Aprili 2021 bodi ilimchagua Barbara Wilson kutoka mfumo wa vyuo vikuu vya Illinois, na Julai akaingia ofisini bila mgomo wala kura ya kutokuwa na imani.